Mpira wa busta ya breki: wa kiwandani, wa kukata kwa mita, au fitingi za kuchonga?

Mzee mmoja mfanyabiashara wa mahindi aliniletea Hilux yake akitokea Kibaigwa. Nikamwamkia, nikamuuliza gari linasumbua nini.

"Fundi, breki ipo," akasema, "ila lazima uisimamie."

Nikafungua boneti. Injini ya petroli iliyotoka kiwandani na gari ilikuwa imeshushwa, pakawekwa dizeli ya Toyota aina ya 3L. Aliyefunga alichukua mpira wa busta (chombo kinachouongezea mguu nguvu kwenye breki) akauchomeka kwenye manifoldi ya hewa (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), palepale ulipokuwa kwenye petroli, kwa fitingi ya shaba ya njano kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Kwa macho kazi ilikuwa safi: klipu mpya mbili, nyuzi zimekaza, hakuna panapovuja. Lakini busta ilikuwa haipati kitu. Dizeli ya namna hiyo haibani hewa inayoingia kama petroli inavyobana, kwa hiyo manifoldi yake hainyonyi. Mnyonyo (vakyumu) wa busta kwenye injini za 2L, 3L na 5L unatoka kwenye kapampu kadogo kalikofungwa mgongoni mwa oltaneta (ile inayochaji betri), na kwenye gari la yule mzee mdomo wa kapampu hako ulikuwa umezibwa kwa boliti.

Naanza na gari hilo kwa sababu wengi wanaokuja gereji kuniuliza wanaanzia mwisho. Wanauliza: nifunge silikoni, au ile ya wavu wa chuma niliyoiona kwenye gari la mashindano? Ni maswali mazuri, na nitayajibu moja moja. Lakini kabla ya kulinganisha mipira, jua kwanza mnyonyo wako unatoka wapi na unahitajika kiasi gani. Na hapa Dodoma kiasi hicho ni kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Anayekusaidia kukanyaga ni hewa ya nje

Ndani ya busta kuna kiwambo cha mpira kinachoigawa vyumba viwili. Mguu ukiwa juu, vyumba vyote viwili vimenyonywa hewa. Ukikanyaga, valvu ndogo iliyo upande wa dereva inaingiza hewa ya kawaida kwenye chumba cha nyuma, huku cha mbele kikibaki kimenyonywa. Hewa hiyo iliyoingia inakisukuma kiwambo, kiwambo kinaisukuma masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki kwenye magurudumu), na wewe unajisikia mguu wako una nguvu. Injini haisukumi breki. Inaondoa hewa upande mmoja tu, na hewa ya mahali ulipo ndiyo inayofanya kazi upande wa pili.

Sasa hewa ya mahali ulipo si sawa kila mahali. Mji wa Dodoma uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Pwani hewa inakandamiza kwa kilopaskali 101 hivi. Hapa ni karibu 89. Injini ya petroli yenye afya, ikiwa kwenye sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), husoma kati ya inchi 17 na 22 za zebaki kwenye geji ya vakyumu ikiwa pwani, na kanuni ya mafundi ni kupunguza inchi moja kwa kila futi 1,000 unazopanda, yaani kama mita 300. Gari lililosoma 20 siku linatoka bandarini Dar es Salaam, likifika hapa linasoma 16 na kidogo. Chukua busta ya inchi 9 ufanye hesabu ya juu juu: kule kiwambo kinaweza kusukuma kwa nguvu ya kama kilo 280, hapa kama kilo 230. Kilo 50 zimekwenda kabla hujagusa kitu. Ukipanda mpaka Singida, iliyo juu zaidi yetu, unapoteza tena.

Breki zikiwa nzima hutaisikia tofauti hiyo katika mizunguko ya mjini, maana watengenezaji huacha akiba. Lakini akiba hiyohiyo ndiyo unayoila ukiweka mpira mwembamba, fitingi yenye tundu dogo, au kiungo kinachopumua. Fundi wa Dar anaweza kuifanyia kazi hii uzembe kidogo asionekane. Wa Dodoma ataonekana mapema, na wa kwanza kumwona atakuwa dereva anayeteremka Nyang'oro kwenda Mtera, au Sekenke akiwa na mzigo.

Kuna jambo la kando ambalo siwezi kulipita. Petroli ikiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, mnyonyo wake ndio mkubwa kuliko wakati wowote. Ukitia gia huru ili ubane mafuta, unarudi kwenye mnyonyo wa sailensa. Ukizima kabisa, umebakiwa na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu, kisha unabaki na mguu wako mtupu. Hakuna mpira wala fitingi itakayokuokoa hapo.

Mpira huu haupasuki, unakunjana

Hili ndilo ningependa kila mtu alishike kabla hajatoa hela. Mipira mingi inayouzwa madukani imepimwa kwa kusukumwa kutoka ndani: wa maji, wa kompresa, wa gesi ya kupikia. Muuzaji atakuambia "huu unabeba bar 20", na anasema kweli. Ila mpira wa busta unabanwa kutoka nje. Ndani hakuna kitu, nje kuna uzito wa anga. Uwezo wa kubeba bar 20 kwa ndani haukuambii lolote kuhusu uwezo wa kutokunjana.

Na haukunjani ukiwa gereji. Asubuhi injini ikiwa baridi, mpira ni mgumu na mviringo, breki tamu. Ukitembea kutoka Manyoni saa saba mchana, chini ya boneti kukachemka, mpira unalainika, kuta zinavutana, tundu linazibika. Pedeli inakuwa ngumu. Unasimama, unafungua boneti, unatafuta, mpira umepoa na kurudi mviringo. Nimeona watu wakibadilisha masta silinda na hata busta nzima kwa ajili ya kipande cha mpira cha nusu mita.

Basi ninapolinganisha hapa chini, swali langu la kwanza kwa kila aina ni lilelile: ukinyonywa ukiwa wa moto, utabaki wazi? La pili ni viungo vingapi unaongeza, maana kila kiungo ni mahali pa kuvuja.

Wa kiwandani

Mpira wa kiwandani umefinyangwa na kona zake. Hauna haja ya kulazimishwa, na kwenye Toyota na Nissan nyingi valvu ya njia moja (inayoruhusu hewa itoke kwenye busta tu, isirudi) iko ndani yake, ikiwa na mshale unaoelekea kwenye injini. Viungo ni viwili tu, mwanzo na mwisho. Kwa gari ambalo injini yake haijabadilishwa, sijaona sababu ya kuushinda huu.

Shida ni upatikanaji. Kwa gari la kawaida kama IST, Premio au Noah, mpya unaagizwa, na wa mtumba uliotoka Japani unapatikana bila kuhangaika sana. Kwa gari adimu unaweza kusubiri. Wa mtumba usiununue kwa macho. Uminye katikati: ukiwa mgumu kama bomba la plastiki, umekwisha umri. Ukunje taratibu karibu na ncha uangalie nyufa, hasa pale klipu ilipokuwa inakaa. Kisha upulize kwa mdomo. Ukipuliza kutokea upande wa busta, hewa ipite. Ukipuliza kutokea upande wa injini, igome kabisa. Ikipita hata kidogo, valvu imekufa, na ukizima gari hutabaki na akiba yoyote.

Joto na vumbi letu vinaumaliza mpira kwa njia mbili. Joto linaukausha. Vumbi la kiangazi linakaa kati ya mpira na kishikizo chake cha chuma, na mtetemo wa injini unaligeuza kuwa msasa. Ukifungua boneti, geuza mpira uangalie chini ya kishikizo. Ndipo tundu linapoanzia, na juu hutaliona.

Wa kukata kwa mita

Hapa ndipo wengi wetu tunapoishia, na si vibaya, ilimradi ununue ulio wake. Mpira wa vakyumu wa breki una kuta nene na nyuzi za kitambaa ndani. Maandishi ya kutafuta ubavuni ni SAE J1403, au kwa ile iliyotengenezwa kufuata kanuni za Marekani, herufi VL au VH. Kanuni hiyo ya Marekani inautaka mpira usikunjane ukinyonywa kwa inchi 26 za zebaki. Injini yako hapa Dodoma haifiki huko hata ikijitahidi, kwa hiyo hiyo ni akiba ya kutosha.

Usiokuwa na maandishi yoyote mwachie mwingine. Naelewa kwamba dukani utaambiwa "ni uleule, tofauti ni jina". Hakuna atakayesimama na neno hilo siku gari limekwama barabarani.

Udhaifu wa mpira wa mita ni kona. Huu umezaliwa umenyooka. Ukiulazimisha kona kali nyuma ya injini, unajikunja hata kabla ya kunyonywa. Kwa kona ya namna hiyo tumia kiwiko cha chuma, au zungusha njia ndefu yenye kona pana. Upitishe mbali na egzosi. Na uwe na mteremko wa kurudi kwenye injini, usiache bonde katikati, kwa sababu mvuke wa petroli na oili unatulia kwenye bonde na kuulainisha mpira kwa ndani.

Valvu ya njia moja utalazimika kuiweka mwenyewe. Kama ile ya asili iko kwenye busta, kwenye grometi (pete ya mpira), basi iache ilipo na usiongeze ya pili. Kama ilikuwa ndani ya mpira wa zamani, nunua ya kuunga katikati, ya breki hasa. Zile ndogo za plastiki za mfumo wa mvuke wa petroli zina tundu dogo na hazijatengenezwa kwa kazi hii. Mshale uelekee injini. Ukiifunga kinyume, pedeli inakuwa ngumu tangu mita ya kwanza, na afadhali hivyo, maana unaijua ukiwa bado gereji.

Silikoni

Silikoni inavutia. Inavumilia joto kuliko mpira mweusi, haikauki haraka, na rangi zake zinapendeza. Kama tatizo lako lingekuwa joto peke yake ningeipa alama ya juu kwa hali ya hewa yetu.

Lakini ile nyembamba inayouzwa kwa jina la mpira wa vakyumu ni ya vigeji na vivalvu vidogo. Ukiichukua yenye tundu la milimita 10 bila nyuzi ndani, inakunjana kama utumbo. Inabidi iwe ya kuta nene iliyosukwa kwa nyuzi. Pili, silikoni ya kawaida haipatani na petroli wala oili; inavimba na kulegea. Kwenye dizeli ambayo pampu yake ya vakyumu inalainishwa kwa oili ya injini, ukungu wa oili unaingia kwenye mpira huo kila siku. Tatu, klipu ya kukaza kwa bisibisi yenye matundu inaikata. Itumie na klipu za ukosi laini au za springi.

Kwa petroli isiyo na turbo, yenye manifoldi kavu, silikoni ya nyuzi ni chaguo zuri. Kwa dizeli siiweki.

Bomba la chuma au shaba

Watu wanalipuuza bomba gumu, na mimi nalipenda. Haliwezi kukunjana kwa kunyonywa, halijali joto, na magari kadhaa yametoka kiwandani na kipande cha bomba la chuma kinachokatiza nyuma ya injini. Kwa gari lililobadilishwa injini, ambapo mdomo wa mnyonyo uko upande mmoja na busta upande mwingine, bomba katikati na vipande vifupi vya mpira kwenye ncha ni suluhisho lenye nguvu.

Mafundi wa friji wana shaba ya inchi 3/8 na vifaa vya kuikunja bila kuibana. Wakikukunjia, sawa. Ila shaba ina tabia moja: ikitetemeshwa muda mrefu inakakamaa na kupasuka. Injini inacheza, bodi haichezi. Kwa hiyo bomba lifungwe upande wa bodi kwa vishikizo, na kipande cha mpira kati ya bomba na injini kiwe kirefu kiasi cha kumeza mtetemo. Chuma kinavumilia mtetemo kuliko shaba, ila kinaota kutu kwa ndani usipokichagua vizuri. Ncha za bomba ziwe na uvimbe mdogo ili mpira usiteleze. Bomba lililokatwa kwa msumeno na kuachwa wazi halina cha kushikilia klipu. Na vumbi la chuma linalobaki baada ya kukata lisafishwe kabla ya kufunga, maana safari yake inaishia ndani ya injini.

Wavu wa chuma na fitingi za AN

Huu, mpira uliovikwa wavu wa chuma na kufungwa kwa fitingi za kukaza zenye namba za AN, ndio unaoulizwa sana na vijana wenye Mark II, Altezza na Forester. Nitasema wazi: ni mzuri kwa mafuta na oili zinazosukumwa. Kwa mnyonyo, uchague kwa uangalifu kuliko mwingine wowote, kwa sababu unaficha ugonjwa wake. Ndani ya wavu kuna mpira. Mpira huo ukizeeka au ukiloweka oili unabanduka kutoka kwenye wavu na kuvutwa ndani, na nje mfereji unabaki mviringo unang'aa. Ukiuminya hutasikia lolote. Kama unautaka, nunua ambao mtengenezaji ameandika unafaa kwa vakyumu, na kiwango chake.

Kuna na suala la tundu. Namba ya AN ni sehemu za kumi na sita za inchi: AN 6 ni inchi 3/8, AN 8 ni nusu inchi. Ila kipimo hicho ni cha nje cha bomba, si cha tundu. Kwa hiyo fitingi ya AN 6 inaweza kuwa na tundu dogo kuliko mpira wa asili uliotoa. Pima kwa vernia kabla hujalipa.

Jambo jingine ambalo limewapotezea watu muda: AN inakaa kwa mdomo wa pembe ya digrii 37, na mdomo anaoupanua fundi wa friji ni wa digrii 45. Ukivikutanisha vitakaza, vitaonekana vimekaa, na vitavuja. Ukikaza zaidi unavunja.

Gharama yake ni kubwa kuliko zote nilizotaja, na kwa mnyonyo haikupi breki bora hata chembe kuliko mpira wa kiwandani. Sababu pekee ninayoikubali ni gari lililojengwa upya kabisa, lenye joto kali, ambapo mfereji mzima unatengenezwa na mtu anayejua anachonunua.

Vya kubahatisha sitavipa nafasi. Mpira wa maji ya bustani, wa gesi, wa hita, ule wa plastiki unaoona ndani: hapana. Hata kufika nyumbani, hapana. Vuta gari.

Fitingi: hapa ndipo mnyonyo unapopotelea

Ukiwa na injini yake ya asili, acha mdomo wa kiwandani. Usitoboe. Ukilazimika, kwa injini iliyobadilishwa au manifoldi ya kuchonga, mambo manne nayaona yakikosewa.

La kwanza ni nyuzi. Fitingi za duka la vifaa vya ujenzi hapa kwetu ni za kipimo cha Uingereza, BSP. Za Marekani ni NPT. Kwenye inchi 3/8, BSP ina nyuzi 19 kwa inchi na NPT ina 18. Inaingia mizunguko miwili mitatu kwa mkono, kisha inagoma, na fundi mwenye haraka anachukua spana. Manifoldi ya alumini inapasuka hapo. Kwenye nusu inchi ni hatari zaidi, maana zote zina nyuzi 14 na zinapishana pembe, na kipenyo kidogo tu. Itaingia yote na bado itapumua. Bahati yetu ni kwamba matundu mengi ya nyuzi za mchongoko kwenye injini za Japani yanafuata mtindo uleule wa BSP, kwa hiyo fitingi ya hadiwea inaweza kukaa vizuri. Hakikisha kwa geji ya nyuzi, au nenda kwa fundi wa kukereza akupimie.

La pili ni tundu. Ukitoa mpira wa milimita 10 ukaweka fitingi yenye tundu la milimita 6, umebakiwa na njia ndogo kama theluthi. Kukanyaga mara ya kwanza hutasikia tofauti, maana busta ilikuwa imeshanyonywa. Utaisikia mara ya pili na ya tatu ukizifuatanisha, kwa sababu busta haijawahi kujaza akiba yake. Kwenye mteremko wenye kona ndivyo tunavyokanyaga, mfululizo.

La tatu ni mahali. Mdomo uwe kwenye chumba cha pamoja cha manifoldi, baada ya kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedeli ya mafuta. Ukiuweka kwenye mkono wa silinda moja, mnyonyo unarukaruka na silinda hiyo inapata hewa isiyo yake. Ukiuweka kabla ya kilango, hakuna mnyonyo. Na usiuweke chini ya manifoldi ambako oili inatuama. Kutoboa kufanyike manifoldi ikiwa imeshushwa mezani. Mavumbi ya alumini yakidondokea ndani injini itayala.

La nne ni tepu nyeupe ya mafundi bomba. Vipande vyake vinanyonywa na kwenda kukaa chini ya valvu ya njia moja, nayo haifungi tena. Tumia dawa ya maji ya kuzibia nyuzi, na nyuzi mbili za mwanzo uziache kavu.

Kuhusu viungo vya T: mpira wa busta hauna ushirika. Usichomekee geji, wala mfumo wa mvuke, wala kifaa kingine chochote katikati yake. Kikivuja hicho kidogo, breki ndiyo inayolipa.

Wenye turbo wana la ziada. Turbo ikipuliza, manifoldi inageuka kutoka kunyonya hadi kusukuma, na kilichosimama kati ya msukumo huo na busta yako ni valvu ya njia moja peke yake. Kwa Forester ya turbo nisingeweka valvu isiyojulikana ilikotoka, na mpira lazima ubanwe kwa klipu imara pande zote mbili, kwa sababu huu wa kwako unanyonywa na kusukumwa kwa zamu.

Tangi la akiba la vakyumu linasaidia injini yenye kamshafti kali (mhimili wa kufungua valvu, uliochongwa kwa ajili ya kasi) isiyonyonya vizuri kwenye sailensa. Linaongeza akiba ya kukanyaga mara chache zaidi, haliongezi mnyonyo. Kama geji inasoma chini muda wote, dawa ni pampu ya umeme ya vakyumu, au kutibu injini yenyewe.

Ningekuchagulia nini

Ukiwa na gari dogo la petroli la kuzungukia Area C, Kisasa na Mji wa Serikali Mtumba, tafuta wa kiwandani, hata wa mtumba uliopimwa kwa kupulizwa. Usitumie hela zaidi ya hapo. Ukikosa, mpira wa mita wenye maandishi, valvu mpya, klipu mbili.

Ukiwa na dizeli ya kazi, ya kwenda Kondoa, Kongwa na Mpwapwa na mizigo, weka mpira wa mita wa kuta nene usiodhurika na oili, na hakikisha pampu ya oltaneta ni nzima. Kwenye dizeli ya namna hiyo usinunue oltaneta ya mtumba isiyo na pampu kwa sababu ni rahisi.

Ukiwa umebadilisha injini, bomba la chuma katikati na mpira kwenye ncha. Hapa hela ya fundi wa kukereza ni halali yake.

Ukiwa kijana wa turbo unayetaka wavu wa chuma, nimeshasema ya kusema. Ununue wa vakyumu, na majaribio yako ya wavu uyafanye kwenye mipira ya oili kwanza.

Kabla gari halijatoka gereji

Vipimo ni vitatu, havihitaji mashine, na vifanyike mbele yako. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu. Ishikilie hivyo, washa gari. Pedeli lazima izame kidogo chini ya mguu. Isipozama, mnyonyo haufiki.

Acha injini iungurume dakika moja au mbili, zima. Kanyaga taratibu mara tatu. Ya kwanza iende chini kuliko zote, ya pili na ya tatu ziwe zinapanda. Zikilingana tangu mwanzo, valvu au kiungo kinavuja.

Washa tena, kanyaga, shikilia, zima ukiwa umeshikilia, hesabu sekunde 30. Pedeli isisogee.

Kisha sikiliza. Ukisikia mlio wa "ssss" mfululizo karibu na pedeli ukiwa umekanyaga, kiwambo au valvu ya busta inavuja. Sailensa ikipanda au injini ikianza kumisi baada ya kazi hii, hewa inaingia kwenye fitingi. Na rudia vipimo vyote vitatu gari likiwa limetembea na kupata moto, kwa sababu, kama nilivyosema, mpira mbaya hausemi ukiwa baridi.

Hilux ya yule mzee niliitoa fitingi ya manifoldi, nikaziba tundu kwa plagi ya nyuzi, nikatoa boliti kwenye mdomo wa pampu. Pampu ilikuwa inavuta vizuri. Tukaweka bomba la chuma likikatiza nyuma ya injini, mpira wa mita kwenye ncha zote mbili, valvu mpya karibu na busta. Tulitembea naye mpaka Ihumwa na kurudi ili injini ipate moto, yeye akiwa kwenye usukani. Tulipofika gereji nikamwambia azime na akanyage mara tatu. Akakanyaga, akanitazama, akakanyaga tena. "Mwaka mzima," akasema, "nimekuwa nikiivuta hii gari kwa paja langu."